Mi nilikuwa upande wa wanaopiga

Swali lenu la wiki, eti anayepigwa halafu harudishi ni shujaa au mwoga, limenigusa pabaya. Mi zamani nilikuwa nasema ule mtindo wa kina Martin Luther King, wa kudai haki za weusi Marekani bila kurudisha ngumi, ulikuwa kujipendekeza kwa wazungu, basi, kumbe nilikosea. Ila leo niacheni nimuongelee anayepiga.

Kidato cha tatu ticha wa historia alitusimulia Nashville ya 1960, mji wa kule Marekani, wanafunzi weusi wananunua vitu dukani na hela inapokelewa vizuri tu, ila wakikaa kaunta ya chakula hawahudumiwi. Kabla ya kwenda kukaa walifanyishwa mazoezi na James Lawson, mchungaji aliyewahi kuishi India akajifunza mambo ya Gandhi ya kupinga bila kupigana, baadhi yao wanajifanya wazungu wahuni, wanatukana na kusukuma wenzao ili wazoee. Ticha akasema haya, na nyie jaribuni. Akapanga viti mbele, mi nikawekwa kwa wahuni.

Mwanzo tunacheka tu. Nikamvuta sikio jamaa niliyekuwa nakaa naye dawati moja, katulia. Nikamtukana, katulia, macho ubaoni. Nikachukua kopo la maji ya kulowekea dasta, yale meupe ya chaki, nikammwagia kichwani (hilo hakunituma mtu), yakashuka mpaka kwenye kola na hakupangusa. Aisee nilipandwa na hasira, hasira ya kweli, kisa haniangalii! Nikanyanyua mkono nimzabe kofi, ticha akaudaka. Jamaa hakunisemesha mpaka Ijumaa.

Sasa wale wa Nashville haikuwa igizo. Februari 27 walishushwa vitini wakapigwa, wengine wakazimiwa sigara mgongoni, halafu polisi wakabeba waliokaa, 81, waliopiga wakaachwa wanatazama. Korti ikawapiga faini, kina Diane Nash, mmoja wa viongozi wa wanafunzi hao, wakagoma kulipa, bora jela. Mwezi wa tano kaunta zikafunguliwa. Japo tusidanganyane, weusi walikuwa wamegoma pia kununua mjini na Pasaka ikapita maduka yanalia, kwa hiyo sio uvumilivu peke yake, hela nayo iliongea.

Jibu langu basi: ushujaa. Ila sio wa kila mtu wala wa kila siku, na mi msinihesabu humo, ukinimwagia maji ya chaki narudisha.