Fika Kabla Injini Haijawashwa

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Makambako aliniandikia kwamba amepata pikipiki ya BMW R 1150 GS iliyotumika kule Tunduma, kwamba muuzaji ni mtu muungwana sana, na kwamba anachotaka kwangu ni neno moja tu: anunue au asinunue. Neno moja sina. Ninacho kisa, nacho nitakisimulia kwa kirefu kwa sababu hadi leo kinaniuma.

Miaka minne iliyopita nilinunua pikipiki ya safari ndefu ya cc 650, yenye silinda mbili, hapa hapa Mbeya. Ilikuwa mwezi wa saba, asubuhi ya baridi ile inayowavisha bodaboda wa Uyole makoti mawili mawili, nami nilifika saa nne kamili kama tulivyoahidiana. Muuzaji alikuwa ameshaiwasha. “Nimeipasha moto, kaka, usije ukasubiri,” aliniambia, nami nikamshukuru kwa ukarimu wake. Ilinguruma vizuri, cheni iling'aa kwa grisi, mkewe akaleta chai, na kabla chai haijapoa nilikuwa nimeshamhesabia fedha mezani.

Safari ya kwanza ilikuwa ya Iringa. Nilipita Chimala, Igawa na Makambako nikijiona nimefika. Baada ya Nyololo, giza likianza kuingia kwenye misonobari ya Sao Hill, taa ya mbele ilififia ikawa kama kibatari, injini ikakohoa mara mbili, kisha kimya. Niliingia Mafinga saa tatu usiku nyuma ya Fuso, nimeishikilia pikipiki yangu katikati ya magunia ya viazi.

Fundi wa Mafinga alimaliza kazi ya kuitafuta hitilafu kabla ya dakika kumi. Alibandua utepe mweusi uliozungushwa kwenye plagi ya regyuleta, kile kifaa kinachodhibiti umeme wa kuchaji betri, akanionyesha nyaya tatu za njano zinazotoka kwenye koili ya kuchaji: zilikuwa zimebabuka hadi kuwa kahawia, na plastiki ya plagi ilikuwa imeyeyuka kama mshumaa. Utepe ulikuwa mpya. Hapo ndipo nilipouelewa ule ukarimu: betri ilijazwa usiku kwa chaja ya ukutani, na injini ikawashwa mapema ili nisiisikie stata ikihangaika.

Kwa hiyo fika mapema kuliko ulivyoahidi, na uiguse ekzosi kabla salamu hazijaisha. Ikiwa ya moto, rudi kesho. Beba testa, yaani kipimo cha volti: betri iliyopumzika isome takriban volti 12.6, na ukipandisha injini hadi mizunguko 5,000 kwa dakika isome kama 14. Ikibaki 12 na kitu, haichaji. Soma tarakimu nne zilizo ubavuni mwa tairi, kwani 2316 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2016, na tairi la umri huo, hata likiwa na meno mazuri, mimi sishuki nalo mteremko wa Kitonga. R 1150 GS hutumia shafti badala ya cheni, basi lishike gurudumu la nyuma juu na chini ulitikise. Likicheza, beringi za difu zimechoka. Namba ya chasisi ilingane na kadi ya usajili, na kama pikipiki iliingia na mgeni mpita njia, usitoe shilingi kabla hujaona kodi ya TRA, Mamlaka ya Mapato, imelipwa.

Haya yote nilikuwa nikiyajua hata siku ile. Testa ilikuwa mfukoni. Niliona aibu kumfungulia mtu mzima kiti cha pikipiki yake nipime betri mbele ya watoto wake, nikiwa nimeshika kikombe chake. Ndugu zangu, adabu ya mgeni tuiache mlangoni tunapokwenda kununua, na chai tuinywe baada ya kukagua.

Kijana wa Makambako amejibu kwamba miadi yake ni Jumamosi saa nne asubuhi. Nimemwambia alale Tunduma Ijumaa.