Mtoto wa Kisumu kukosa vitamini D, na jua lote hili?

Dada, umeuliza inakuwaje mtoto wa miezi 14 apungukiwe vitamini D nanyi mnaishi Kondele. Pole sana. Jua liko nje, mtoto yuko ndani, basi. Ngozi hutengeneza vitamini hii pale tu miale inapoigusa. Wangu nilimvisha kofia ya sufu, nikamfunika shali, nikamkalisha dirishani nikidhani anaota jua. Kumbe kioo huzuia ile miale hasa inayotakiwa! Aliposimama, vifundo vya miguu vikigusana, magoti yaliachana hata ngumi yangu ikapita katikati. Matege. Bila vitamini D utumbo haufyonzi kalsiamu vizuri, mifupa inabaki laini.

Maziwa ya mama nayo huwa na vitamini D kidogo mno, ndiyo maana wanyonyao hupendekezewa matone ya yuniti 400 kwa siku mwaka wa kwanza. Wako ana upungufu tayari, kwa hiyo fuata dozi ya daktari, tafadhali usiiongeze: ikizidi huumiza figo. Omena msagie nzima, kalsiamu iko kwenye mifupa. Na saa nne asubuhi mtoe nje dakika chache, mikono na miguu wazi.