Breki ya mbele ikisaga, weka spana chini kwanza

Mdogo wangu uliyeingia gereji mwaka huu, mteja akija akakwambia "Fundi, mbele kunasaga," mkono wako utakimbilia spana kabla hajashuka. Uzuie. Nimefanya kazi hii Makorora, hapa Tanga, miaka ya kutosha kujua kwamba anayefungua kabla ya kusikiliza hufunga mara mbili.

Muulize: inasaga ukikamata breki, au hata ukiachia? Jibu lake lipokee, lakini usilitegemee, maana mtu aliyebeba abiria wawili na upepo wa bahari masikioni hasikii vizuri. Simamisha pikipiki kwa stendi ya kati, mtu akandamize nyuma ili tairi la mbele linyanyuke, kisha zungusha kwa mkono.

Likisaga bila breki kukamatwa, pedi, vile vipande viwili vinavyoibana diski (sahani ya chuma inayozunguka na tairi), usizitie hatiani bado. Shika tairi juu na chini, lisukume na kulivuta. Likicheza, beringi zimekwisha. Lisipocheza, iangalie gia ya spidomita pale kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, kwani grisi ikikauka humo hulia kama kinu. Sauti inayokuja mara moja kila mzunguko, kwaruu… kimya… kwaruu, mara nyingi ni diski iliyopinda. Ikikwaruza mfululizo na tairi likawa zito, pedi haziachii.

Ikilia ukikamata tu, hapo sasa njoo kwenye pedi. Chukua tochi, chungulia kwenye kalipa, kile kibanio kinachoshika pedi. Pedi ikibaki chini ya milimita 2, badilisha. Zikifika chuma, diski nayo inachimbika, basi pitisha kucha juu yake. Kucha ikikwama kwenye mifereji, pima unene. Diski nyingi zimepigwa chapa ya unene wa chini kabisa unaoruhusiwa, na ikipungua hapo haina dawa, hata mteja alie vipi.

Tochi hiyo imulike pedi zote mbili. Mimi hili nililipia. Kuna muuza samaki aliyekuwa akichukua mzigo soko la samaki la Deep Sea alfajiri, pikipiki yake inalala nje karibu na maji, na nilikuja kujua baadaye kwamba siku nyingine aliiosha kwa maji hayohayo ya bahari. Alipokuja nilichungulia pedi moja, nikaiona nene, nikampa moyo. Baada ya siku chache akarudi inanguruma. Ile ya upande wa pistoni, inayosukuma pedi, ilikuwa imekwisha hadi chuma. Nikaweka pedi mpya, nikajiona fundi. Hazikudumu, akarudi tena kwa ugonjwa uleule, na safari hii hata salamu hakunipa.

Kumbe pini zinazoifanya kalipa iteleze zilishashikwa na kutu ya chumvi. Kalipa isipoteleza, pedi moja inafanya kazi ya mbili. Huku pwani, kila ukitoa pedi, toa na pini, zisugue kwa msasa laini, na uzipake grisi ya breki. Grisi ya kawaida huvimbisha mpira wa pini, zikashika upya. Safisha na pistoni kabla ya kuirudisha ndani, na fungua kifuniko cha kopo la mafuta ya breki juu, uweke kitambaa, maana pistoni ikirudi mafuta hupanda, na yakimwagika yanakula rangi ya tangi.

Bodaboda nyingi zina dramu mbele, yaani breki iliyofungiwa ndani ya habu, si diski. Kanuni ni ileile, ila humo ndani vumbi na mchanga hujaa. Usipulize kwa mdomo wala kwa kompresa. Vumbi la breki si la kuvuta, na bitana za zamani, zile zinazosugua ndani ya dramu, huweza kuwa na asbesto inayodhuru mapafu. Futa kwa kitambaa kibichi.

Mvua ikinyesha usiku, asubuhi diski huwa na wekundu wa kutu na hukwaruza kidogo. Akikamata breki mara chache inaisha. Huyo usimtoze hata mia.

Na nimemwona kijana, kwa macho yangu haya, akidondosha oili kwenye diski ili kelele ikome. Ikakoma kweli. Breki nayo ikakoma. Bahati dereva aligundua akiwa bado anatoka getini.

Ukimaliza, kabla ya kumpa ufunguo, bonyeza mkono wa breki mara kadhaa hadi uwe mgumu. Pistoni uliyoirudisha ndani haijafika kwenye pedi bado, kwa hiyo bonyezo la kwanza huwa tupu, na hilo tupu lisimkute njia panda. Mwambie siku za mwanzo akamate taratibu, pedi zikalie diski. Pedi kuukuu mwonyeshe zote mbili, aone mwenyewe. Zile za muuza samaki ninazo bado, kwenye kopo chini ya benchi.