Maswali ya Wasomaji: Picha ya Mkononi na Picha ya Ukumbini

Barua za mwezi huu zimetoka miji mbalimbali na zinazungumzia picha tofauti, lakini karibu zote zinagusa jambo moja, yaani mahali ambapo mtu aliitazama picha na watu aliokuwa nao. Nimechagua tano. Nyingine nimezijibu kwa kirefu na nyingine kwa kifupi, kulingana na uzito wa swali lenyewe.

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni kijana wa miaka 26 na ninaishi wilayani Kilosa, ambako mtu akitaka kwenda sinema hulazimika kufunga safari hadi Dar es Salaam. Mwezi uliopita niliitazama Vuta N'kuvute kwenye simu nikiwa ndani ya basi. Niliiona imepoa, ina ukimya mwingi, nikaiacha katikati. Rafiki yangu aliyeiona ukumbini anasema alitoka akiwa na machozi. Ni nani kati yetu aliyeiona sawasawa?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwa maoni yangu, rafiki yako ameiona picha, na wewe bado hujaiona. Sikulaumu hata kidogo kwa hilo.

Kwa faida ya wasomaji wengine, Vuta N'kuvute ni filamu ya mwaka 2021 iliyoongozwa na Amil Shivji kutokana na riwaya ya Adam Shafi yenye jina hilohilo. Inatupeleka Zanzibar ya miaka ya 1950, wakati utawala wa Waingereza unaelekea ukingoni, na inamfuata Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa mume mwenye umri wa kumzaa, anayekimbia ndoa hiyo na kukutana na Denge, kijana aliyejitosa katika harakati za uhuru. Aliyesoma riwaya anajua jinsi wahusika wake wanavyopenda kuzungumza. Shivji ameamua kuisimulia kwa macho zaidi kuliko kwa mdomo, na kwa hiyo picha hutulia juu ya ukuta, juu ya kivuli kwenye uchochoro, juu ya uso wa mtu ambaye bado hajaamua la kusema. Huo ukimya uliouona ndio umebeba hadithi.

Sasa fikiria kilichoupata ukimya huo ulipoingia kwenye simu yako. Picha inayopitia intaneti hubanwa ili iwe nyepesi kusafiri, na mahali panapoumia mapema ni penye giza. Weusi ambao mpiga picha aliupanga hatua kwa hatua, kutoka kiza kinene hadi mwanga hafifu wa taa, hugeuka madoa ya mirabamiraba yanayochezacheza. Sauti nzito za chini hazimo kabisa katika spika ya simu, wala minong'ono haiwezi kushindana na injini ya basi. Zaidi ya hayo, ukiishika simu karibu na dirisha saa nane mchana, mandhari ya usiku yanapofika, kinachoonekana juu ya kioo ni uso wako mwenyewe. Picha ya mapigano na milio ya risasi ingeweza kustahimili mateso hayo, lakini hii haikutengenezwa kwa ajili ya kuyastahimili.

Hata hivyo nakupa haki yako katika jambo moja. Mimi pia nilitamani mapenzi ya Yasmin na Denge yapewe nafasi zaidi ya kukua mbele ya macho yetu, kwa sababu kuna mahali ambapo nilihisi mwongozaji anatutegemea sisi tuliosoma riwaya tujaze pengo wenyewe. Lakini kila Mwajuma, rafiki wa Yasmin, anapotokea, akiigizwa na Siti Amina, ambaye ni mwimbaji wa taarabu kwa kazi yake, picha hupata joto na unasahau kuwa unatazama kitu kilichopangwa.

Ushauri wangu ni kwamba usisubiri nauli ya Dar es Salaam. Tafuta televisheni kubwa ya jirani au ya shule, waite watu wanne au watano, subirini usiku uingie, zimeni taa, kisha muitazame dakika zake zote 92 bila kuisimamisha hata mara moja. Niandikie tena baada ya hapo, na ukisema bado imepoa, nitakubali.

SWALI: Assalaam aleikum. Mimi ni msomaji wa Mombasa. Nilimpeleka mke wangu ukumbini siku ya Jumamosi. Jirani wa kushoto alipokea simu na kuzungumza mpaka akamaliza habari zake, na vijana waliokaa nyuma yetu walikuwa wakitangaza kila jambo kabla halijatokea. Nikawanyamazisha kwa ukali. Nilipomweleza mamangu alicheka, akasema enzi zao ukumbi mzima ulikuwa ukiimba na kupiga kelele na hakuna aliyekasirika. Je, nilikosea?

JIBU: Waaleikum salaam. Hukukosea, na mama yako hakukosea, kwa maana kelele mnazozizungumzia ni za aina mbili.

Nilizaliwa Tanga, na nilipokuwa mtoto miaka ya 1970 shangazi yangu alikuwa akinichukua Majestic kutazama picha za Kihindi. Wanawake walivaa kama wanakwenda harusini, na udi waliojifukiza ulikuwa ukiingia ukumbini kabla yao. Hakuna aliyekijua Kihindi katika safu yetu, lakini wimbo ulipoanza kila mtu aliuimba, maneno yakiwa yamejifunzwa kwa sikio tu. Jambazi aliponyemelea, ukumbi mzima ulimpigia kelele steringi, "Nyuma yako! Nyuma yako!" na mama aliyefiwa na mwanawe kule kwenye pazia alipolia, shangazi yangu alilia naye na kunifuta machozi mimi kwa upindo wa kanga yake. Katika miji yetu ya pwani palikuwa na siku ambapo mkanda mmoja ulionyeshwa katika kumbi mbili usiku uleule, kijana wa baiskeli akikimbiza kila kipande kilichokwisha kutoka ukumbi mmoja kwenda mwingine, na akichelewa watu walikaa gizani wakibishana juu ya litakalotokea. Hizo zote ni kelele zilizoelekea kwenye picha. Wanaopiga kelele za namna hiyo wako ndani ya hadithi pamoja nawe.

Jirani yako aliyepokea simu alikuwa ameondoka. Mwili wake ulibaki kitini, lakini sauti yake na ule mwanga wa simu, ambao katika giza huvuta jicho kuliko pazia lenyewe, vilikuwa vinawatoa na wengine nje. Huyo alistahili kuambiwa. Vijana waliotangaza yatakayotokea nao wamewaibia wenzao kitu walichokilipia, kwani mtu hawezi kukishtukia kile ambacho amekwisha kuambiwa.

Nililonalo ni juu ya ukali tu. Mtu mzima akikaripiwa mbele ya watu hujibu, na majibizano yenu yatawasumbua watu wengi kuliko simu yake. Inama, mwambie kwa sauti ya chini, "Ndugu yangu, samahani, hatusikii," na asiposikia, toka umwite mhudumu wa ukumbi, kwa kuwa hiyo ni kazi yake.

SWALI: Habari yako mama. Ninaandika kutoka Nakuru. Nina watoto wawili, wa miaka 9 na 14. Mwaka jana tulimzika binamu yao mdogo baada ya kuugua kwa muda mrefu. Rafiki amenishauri tutazame Supa Modo pamoja, lakini nimesikia inahusu mtoto mgonjwa na ninaogopa kuwatonesha kidonda. Nifanye nini?

JIBU: Nzuri, dada yangu, na poleni sana kwa msiba huo.

Supa Modo ni filamu ya Kenya ya mwaka 2018, iliyoongozwa na Likarion Wainaina. Jo ni msichana wa miaka tisa, umri uleule wa mtoto wako, ambaye ugonjwa wake hauna tiba. Mama yake anamtoa hospitali na kumrudisha kijijini ili siku zilizobaki azimalizie nyumbani. Jo anapenda sana picha za mashujaa wenye nguvu za ajabu. Dada yake anaanza kumfanya aamini kwamba yeye mwenyewe ana nguvu hizo, na kidogo kidogo kijiji kizima kinaingia katika mpango huo, hadi wanaamua kumtengenezea filamu ambayo shujaa wake ni yeye.

Sitakuficha: picha hii haidanganyi juu ya kifo, na ukiitazama utalia. Nimeiona mara mbili, na mara zote mbili aliyenigusa zaidi ni mama, kwa sababu kila mtu anapomtaka amwache mtoto acheze, yeye anataka kumfunika asiguswe na upepo, na mtazamaji anaona kwamba pande zote mbili zinatokana na mapenzi yaleyale. Jo mwenyewe anaijua hali yake kuliko wakubwa wanavyodhani. Nadhani hapo ndipo penye faida kwa wanao. Watoto wetu huwa tunawatoa chumbani wakati wa mazungumzo ya msiba, tunawaambia marehemu amesafiri, kisha tunashangaa wanapoamka usiku. Picha hii inawapa nafasi ya kuuliza swali ambalo pengine wamelibeba tangu siku ya mazishi.

Kwa hiyo itazame kwanza peke yako. Ukiona moyo wako umeweza, watazamishe mchana, nyumbani, ukiwa umekaa katikati yao, na usipange shughuli yoyote baada yake, kwani maswali hayaji palepale. Huja wakati wa kula au wakati wa kulala. Mdogo akitaka kuinuka aende kucheza, mwache. Kuna picha nyingi ambazo ningekuambia uende nazo ukumbini penye watu, lakini hii, kwa hali yenu, ni ya mkekani.

Kwa yule wa miaka 14, baadaye mtafutie Nawi ya mwaka 2024, kuhusu binti wa Turkana anayetaka kuendelea na masomo ilhali baba yake amekwisha kupanga kumwoza kwa mali ya mifugo. Kenya iliipeleka kushindania tuzo ya Oscar, na mtoto wa umri huo atakuwa na mengi ya kukuambia baada ya kuiona.

SWALI: Shikamoo. Nimekulia Mwanza katika vibanda umiza, vile vibanda vya video vya mtaani, nikitazama picha za kigeni zilizotafsiriwa kwa Kiswahili na msimuliaji Lufufu. Siku hizi nikiingia ukumbini na kusikia sauti ya awali, na maandishi ya chini yakiwa ya Kiingereza, ninaona picha tupu, kama chakula kisicho na chumvi. Je, mimi si mpenzi wa kweli wa sinema?

JIBU: Marahaba. Wewe ni mpenzi wa kweli, na shule uliyosomea ni ya heshima. Mtu mmoja aliyekaa na kipaza sauti, akawa steringi, jambazi, mke wa jambazi na polisi kwa wakati mmoja, akawapa wote Kiswahili chenye utani wa mitaa yetu, alikuwa akifanya kazi ya mtambaji wa hadithi. Kenya wanaye DJ Afro, na Uganda wako wanaotafsiri kwa Kiganda na kuvutia watazamaji wengi hadi leo. Katika Supa Modo niliyoitaja hapo juu mmoja wa wahusika ni mwenye kibanda cha video anayesimulia picha namna hiyohiyo, na nilifurahi mno kuona kazi hiyo imewekwa ndani ya filamu kwa mapenzi.

Kasoro yake ni kwamba msimuliaji hanyamazi. Mwigizaji aliyefanya kazi kubwa ya kutazama tu, bila neno, hufunikwa na maneno ya mtu mwingine. Kwa hiyo unapoona picha tupu, pengine sikio lako linasubiri kuambiwa jambo ambalo jicho lilitakiwa kuliona. Lipe muda. Anza na picha za Kiswahili ambazo hazihitaji mtafsiri, ili ugeni usiwe wa lugha na wa mtindo kwa pamoja.

SWALI: Kwa nini picha zetu za Kiswahili zikiwekwa ukumbini hukaa wiki moja zikaondolewa, na za Marekani hukaa mwezi?

JIBU: Mwenye ukumbi hugawana fedha ya kila tiketi na msambazaji wa picha, na viti vitupu anavilipia yeye umeme na mishahara. Hesabu hufanywa mapema, aghalabu Jumatatu, kwa kutazama watu walioingia kuanzia Ijumaa hadi Jumapili. Picha ya kigeni hufika ikiwa na matangazo ya miezi, lakini yetu hutegemea watu kuambiana, na habari hiyo huwafikia wengi siku ya Jumanne au Jumatano, wakati saa zake za maonyesho zimekwisha kupunguzwa na kusogezwa mchana, watu wakiwa kazini. Wengi wameniandikia kwamba walikuwa na nia ya kwenda. Ukisikia picha yetu inaanza Ijumaa, kata tiketi ya Ijumaa hiyohiyo, na ikiwezekana nenda na mwenzako mmoja ambaye hajawahi kuingia ukumbini. Taa zikiwashwa mwishoni, kaeni kidogo myasome majina yanayopita: wapika chakula, mafundi wa taa, washona nguo. Safari hii mtayatamka bila shida.