Mgonjwa wa kiharusi achague muziki mwenyewe

Kama unauguza mtu wa kiharusi nyumbani, usimwashie redio ilimradi kuna sauti. Muulize anataka kusikia nini. Mama mkwe wangu, tuliyemuuguza hapa Moshi, ndiye aliyenifungua macho.

Ndugu waliamua ni kwaya kutwa, kwa kuwa ni mama wa kanisani. Maneno yalikuwa hayamtoki, basi nani angejua? Siku moja nikachukua flashi ya mume wangu, nikaanza kumwekea nyimbo moja moja: "Mama, huu? Huu je?" Ilipofika dansi ya miaka ya sabini, mkono wake mzima ukaanza kupiga godoro kwa mdundo. Wifi alinuna. Wazee wa kanisa wakija kumwombea, tulipunguza sauti kidogo.

Mwaka 2008 mtafiti Teppo Särkämö na wenzake wa Helsinki, Finland, walitoa matokeo ya wagonjwa waliotoka tu kupata kiharusi. Wote walitibiwa kama kawaida, ila kundi moja lilisikiliza muziki wa kuchagua wenyewe, angalau saa moja kwa siku, kwa miezi 2. Kundi jingine lilisikiliza vitabu vilivyosomwa kwa sauti. Kwenye kipimo cha mwezi wa 3, kumbukumbu ya maneno ilikuwa imepanda kwa asilimia 60 kwa wa muziki, 18 kwa wa vitabu, na 29 kwa wale ambao hawakupewa chochote cha kusikiliza. Huzuni nayo ilikuwa ndogo kwa wa muziki.

Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini unakula karibu asilimia 15 mpaka 20 ya damu inayosukumwa na moyo, na sehemu inayofanya kazi huvuta damu zaidi. Mwaka 2001, kule Montreal, Kanada, watafiti Anne Blood na Robert Zatorre walipima damu hiyo kwa watu wanaosikiliza muziki walioupenda. Uliposisimua mwili, damu iliongezeka kwenye sehemu za ubongo zinazohusika na raha. Hao lakini walikuwa wazima; asikudanganye mtu kwamba wimbo unazibua mshipa. Dawa za presha ziendelee, na mazoezi ya viungo pia.

Sisi tulimwekea muziki kabla ya mazoezi, maana akishachangamka hagomi. Sabufa iache, simu inatosha. Televisheni izimwe, kelele mbili humchosha. Nyimbo za zamani zikikusumbua kupata, vijana wa kurusha nyimbo pale mtaani wanazo tele.

Muimbie pia. Mtu aliyepoteza usemi wakati mwingine huweza kuimba maneno asiyoweza kuyasema, kwa hiyo anza ubeti anaoujua, halafu nyamaza umwachie neno la mwisho. Akikunja uso, zima, mwache alale.