Wasomaji Wauliza: Shule ya kanisa, tujenge kwa imani ama kwa mkopo?

SWALI: Bwana asifiwe Mwalimu. Mimi ni mhazini wa kanisa letu huku Mikindani, Mombasa. Kuna mama mjane ametupa ekari moja tujenge shule ya misheni, tuanze na watoto wa chekechea. Sasa mchungaji anasema tuanze tu kwa imani, wazee wengine wanataka tukope benki tujenge yote mara moja, na mimi nikiuliza hesabu naambiwa sina imani. Nifanyeje? – Mama Mhazini

JIBU: Asifiwe sana mama. Nianze na hilo la kuambiwa huna imani manake limeniuma. Fungua 2 Wafalme 12. Pesa za kutengeneza nyumba ya Bwana zinatolewa lakini mpaka mwaka wa 23 wa mfalme Yoashi hakuna kilichotengenezwa, ndio kuhani Yehoyada akachukua kasha, akatoboa tundu kwenye kifuniko, akaliweka kando ya madhabahu, na likijaa anakuja mwandishi wa mfalme pamoja na kuhani mkuu wanahesabu wote wawili, halafu ndio pesa zinaenda kwa maseremala na waashi. Wote wawili mama, si mtu mmoja. Kwa hivyo endelea kuuliza, tena uliza kwa sauti.

Watu wakihubiri imani ya kujenga humtaja sana George Müller, mhubiri aliyelea yatima kule Bristol, Uingereza, na wana haki. Alifungua nyumba ya yatima 1836 bila kwenda kuomba mtu pesa, alikuwa anaomba Mungu tu, 1849 akafungua jengo la watoto 300 pale Ashley Down na kufikia 1870 majengo yalikuwa matano. Lakini nusu ya pili ya habari huwa haifiki mimbarini: deni alilikataa kabisa, na kila mwaka alitoa ripoti ya kilichoingia na kilivyotumika, hata visenti vya maskini vimeandikwa mle. Hiyo ndiyo imani ninayotaka muige.

Mkopo mimi nasema hapana. Benki haijui Januari, mwezi ule waumini wanahangaika na karo na yunifomu na sadaka inashuka, yenyewe inataka pesa yake tarehe ile ile. Na dhamana itakuwa nini kama si hilo shamba? Yaani sadaka ya mjane ije ipigwe mnada! Siwezi hata kufikiria mtamwambia nini.

Na mambo ya hilo shamba yashughulikieni haraka kabla ya jiwe la kwanza. Nyinyi ni watu wa Pwani, mnajua kesi za ardhi zilivyo. Fanyeni upekuzi kwa msajili wa ardhi, kaeni na huyo mjane pamoja na watoto wake wote wakubali mbele ya mashahidi, kisha hati iandikwe kwa jina la wadhamini waliosajiliwa wa kanisa, isiwe jina la mchungaji hata kama ni mtakatifu.

Harambee fanyeni, ila daftari liwe na kurasa mbili, pesa iliyoingia na ahadi. Mheshimiwa akishika maikrofoni akatangaza kiasi kikubwa watu wakapiga vigelegele, hiyo bado ni ahadi, msimlipe fundi kwa ahadi. Michango ipitie namba ya M-Pesa ya kanisa, na kila Jumapili jumla isomwe mbele ya watu wote. Wengine watatoa mikono, vijana wachimbe msingi, kina mama wachote maji, yote iandikwe pia. Saruji ndio muwe waangalifu, watu wanapenda kuleta mifuko kwa wingi siku ya harambee halafu inalazwa sakafuni, na unyevu wa huku, mvua ya Aprili ikija mnakuta imeganda mawe. Ipandisheni juu ya mbao, mbali na ukuta, ama mwombe mtoaji aiache dukani mchukue kidogo kidogo. Na mtu akiwaletea mchanga wa ufuoni bure mshukuruni na mkatae, chumvi yake inakula nondo.

Jengeni madarasa mawili mkamilishe, mkasajili shule kwa bodi ya elimu ya kaunti, muajiri walimu wenye namba ya TSC, ile tume inayosajili walimu, ndio muongeze. Misheni ya Rabai ambayo wamisionari Krapf na Rebmann walianza 1846, na makazi ya Freretown ya 1875 yaliyopokea waliotolewa utumwani, zilibebwa na CMS, shirika la misheni la Waanglikana wa Uingereza, ambalo pesa zake zilikuwa michango ya waumini wa Uingereza, wengi wao hawakuja kuiona Mombasa hata siku moja. Sisi tunajengea watoto tunaowaona wakipita hapo njiani na bado tunasitasita kutoa, inanisikitisha kusema kweli.

SWALI: Sisi pia tunajenga shule ya kanisa, na majirani Waislamu wametaka kuchangia na kuleta watoto wao. Tukubali? – Mzee wa Kanisa, Likoni

JIBU: Kubalini kwa mikono miwili mzee wangu. Waelezeni wazi toka mwanzo ni shule ya misheni, lakini Katiba kifungu cha 32 hairuhusu mtoto kunyimwa nafasi kwa sababu ya dini yake, wala kulazimishwa ibada. Mtaala una somo la dini ya Kiislamu pia, tafuteni mwalimu wake mapema, na mmoja wa hao majirani aingie kamati ya ujenzi.