Wasomaji Wanauliza: "Wakishasema ndiyo, mimi nisemee wapi?"

Barua za safari hii nyingi zinahusu Bunge. Nadhani ni kwa sababu niliwahi kudokeza hapa kwamba kabla ya kustaafu kazi yangu ilikuwa kuchapa Taarifa Rasmi za Bunge, zile ambazo pale Dodoma kila mtu anaziita Hansard. Nimechagua barua nne.

Shikamoo mama. Nanunua mahindi hapa Kibaigwa, na Bunge huwa naliangalia kwenye televisheni ya mgahawani. Mwenyekiti anasema "wanaoafiki waseme ndiyo", wanaitikia, vifungu kumi vimepita hata chai yangu haijapoa. Viti vingine vitupu. Hivi kweli sheria inatungwa namna hiyo? Na sisi tusemee wapi?

Marahaba, mwanangu. Ulichokiona kinaitwa Kamati ya Bunge Zima, na ni hatua ya karibu na mwisho. Spika anaacha kiti chake na kuongoza kama Mwenyekiti, ndiyo maana wabunge nao wanabadilisha na kusema "Mheshimiwa Mwenyekiti". Kazi yao pale ni kupitia muswada kifungu kwa kifungu. Ila mabishano makubwa yameshamalizika kwingine, na kamera hazikuwepo.

Tuanze mwanzo. Muswada wa Serikali unatoka wizarani, unapita Baraza la Mawaziri, kisha unachapishwa kwenye Gazeti la Serikali siku zisizopungua 21 kabla ya kusomwa mara ya kwanza. Ukiupata, anza na ukurasa wa mwisho, penye "madhumuni na sababu". Hapo Serikali inaeleza kwa lugha nyepesi inataka nini, halafu rudi kwenye vifungu uone kama ndicho kilichoandikwa.

Kusomwa mara ya kwanza hakuna mjadala. Katibu wa Bunge anasimama, anasoma jina la muswada, anakaa. Sisi wachapaji ilikuwa mistari miwili na kazi imekwisha. Baada ya hapo Spika anaupeleka kwenye Kamati ya Kudumu inayohusika, na hapo ndipo penu. Kamati inatoa tangazo la kuwaita wadau, iwe kwa maandishi au kufika wenyewe Dodoma, mara nyingi kwenye Ukumbi wa Msekwa, uliopewa jina la Spika mstaafu Pius Msekwa. Lawama yangu ni kwamba tangazo hutoka siku chache mno kabla ya kikao. Mwenye ofisi Dar es Salaam anawahi, lakini mtu wa gulio atasikia watu wameshatawanyika.

Mkiwahi, msiandike kurasa sita za shida za wakulima. Kamati inazijua. Taja kifungu, sema kifutwe nini na kiwekwe nini. Tuseme kifungu cha 12 kinataka anayenunua mazao bila kibali atozwe faini "isiyopungua shilingi milioni 5". Nyie andikeni: neno "isiyopungua" lifutwe, badala yake liwekwe "isiyozidi". Basi. Kwa mabadiliko hayo hakimu wa Kongwa anaweza kumtoza mtu laki mbili kulingana na kosa lake. Bila hayo, hata akimwonea huruma, mikono yake imefungwa.

Kamati ikikubali hoja yenu inambana Waziri, na Waziri akilegea, neno hilo linaingia kwenye jedwali la marekebisho la Serikali, yaani orodha ya maneno ya kubadilishwa kwenye muswada. Siku ya kusomwa mara ya pili Waziri anatoa hoja, Kamati inasoma maoni yake, wabunge wanachangia. Kisha ndiyo inakuja ile hatua yako ya chai. Kwenye Hansard tulikuwa tunaandika kwamba kifungu kimepitishwa na Kamati ya Bunge Zima "pamoja na marekebisho yake", au "bila mabadiliko yoyote". Ukikutana na hayo ya kwanza, ujue kuna mtu alikomaa mahali.

Mbunge mmoja mmoja naye anaweza kuleta jedwali lake, mradi alikabidhi mapema kwa Katibu. Anasimama, anasoma, Waziri anajibu kwamba jambo hilo litawekwa kwenye kanuni za kutekeleza sheria, na mbunge anasema ameridhika. Maneno "nimeridhika na maelezo" nimeyachapa mpaka vidole vikayajua vyenyewe. Kanuni hizo baadaye zinatungwa na Waziri huyohuyo.

Kuhusu haraka, inategemea. Muswada wa Bima ya Afya kwa Wote uliingia Bungeni Septemba 2022, ukakwama kwenye swali la fedha za kuwahudumia wasio na uwezo zitoke wapi, ukaja kupitishwa Novemba 2023. Lakini ipo hati ya dharura, ambayo Rais akiisaini zile siku 21 hazisubiriwi na muswada unaweza kumaliza hatua zote katika mkutano mmoja. Sheria za maliasili za 2017, zile za kuipa nchi mamlaka juu ya utajiri wake na kupitia upya mikataba yenye masharti hasi, ziliingia kwa hati hiyo na zikapita Julai mwaka huohuo. Mimi siipendi hati ya dharura hata inapobeba jambo jema.

Na viti vitupu: Katiba inataka akidi, yaani idadi ya chini ya wabunge wanaotakiwa kuwepo, iwe nusu ya wabunge wote. Mbunge yeyote anaweza kusimama na kumwambia Spika kwamba akidi haijatimia, kengele zikapigwa, watu wakaja wanakimbia kutoka kantini.

Rais akikataa kusaini inakuwaje? (Mwanafunzi, Iringa)

Rais si mbunge, lakini Ibara ya 62 ya Katiba inasema Bunge lina sehemu mbili: Rais na wabunge. Bila saini yake muswada unabaki muswada. Akikataa anaurudisha pamoja na sababu zake. Hauwezi kupelekwa kwake tena kabla ya miezi 6, isipokuwa uungwe mkono na theluthi mbili ya wabunge wote. Wakiipata hiyo theluthi mbili, Rais ana siku 21: asaini, au avunje Bunge. Na Bunge likivunjwa, kiti cha Rais nacho kinakuwa wazi, hivyo wote wanarudi kwa wapiga kura. Soma Ibara ya 97, ni fupi.

Sisi huku Chake Chake, sheria za Dodoma zinatuhusu? (Msomaji, Pemba)

Nyingine ndiyo, nyingine hapana. Fungua kifungu cha 2, mara nyingi ndicho kinachosema sheria inatumika Tanzania Bara peke yake au pande zote mbili. Mambo yenu yasiyo ya Muungano ni ya Baraza la Wawakilishi la Zanzibar. Sheria ya Ndoa ya 1971, inayozungumzwa sana magazetini, huko kwenu haitumiki.

Mbunge wetu aliahidi ataleta muswada wa pensheni kwa wazee wote. Mwaka wa tatu huu, kimya. Je, anatudanganya? (Mzee, Singida)

Shikamoo mzee wangu. Muswada binafsi, yaani usiotoka Serikalini, upo na mbunge ana haki ya kuuleta. Ila Ibara ya 99 inamzuia kwenye jambo hilohilo aliloliahidi: muswada wa kutoa fedha Mfuko Mkuu wa Hazina haujadiliwi mpaka Rais apendekeze na Waziri awasilishe pendekezo hilo Bungeni. Pensheni ni fedha za Mfuko. Zanzibar walianza kuwalipa wazee waliotimiza miaka 70 mwaka 2016, na Serikali yao ndiyo iliyoamua.

Anachoweza kufanya ni kupeleka hoja binafsi ya kuitaka Serikali ilete muswada huo. Hoja hiyo huandikwa na kukabidhiwa kwa Katibu wa Bunge, kwa hiyo ni karatasi inayoonekana. Akifika tena kwenye mkutano wa hadhara, mwombe awaonyeshe nakala.